Usichokonoe Regulata: Moto Mkubwa Si Moto Mzuri

Ukihamia gesi kutoka mkaa, iwe Kibaha au Kisarawe, hukosi kusikia ushauri huu: moto mdogo? Fungua regulata, kaza springi, umemaliza. Hebu tuupime.

Ni kweli moto utakua, ndiyo maana watu wanauamini. Ila ushauri unadhani regulata inakubania gesi. Sivyo. Kwenye joto la nyuzi 30, gesi mtungini inasukuma kwa baa kadhaa. Jiko la nyumbani linahitaji takriban baa 0.03 tu. Kiwambo cha mpira na springi ndivyo vinavyoshusha presha hiyo, mara mia au zaidi. Ukikaza springi, jiko linapokea gesi kuliko linavyoweza kuunguza vizuri: moto unaruka mbali na matundu, au unakuwa wa njano, sufuria zinajaa masizi, na inatoka kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu.

Tena ushauri wenyewe umeruka hatua. Tundu la gesi limeziba? Mpira umekunjika? Mtungi unaisha? Anza na hayo.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Usafi huo unategemea kadude hako kadogo. Kakiharibika, nunua kapya.