Soksi za Dokta Remmy

Pale Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Nadhani wengi wanaoshuka hapo leo hawajawahi kushika kaseti. Wanajua kituo, ngoma hawaijui. Sisi wa Nairobi tusiwacheke: tukiambiwa muziki wa zamani wa Kiswahili, tunaimba kiitikio cha Sina Makosa halafu tunaishia hapo.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Watu walimwita Dokta. Muziki wake yeye aliuita ubongo, na ukiuskiza unaelewa: magitaa yanakuvuta uinuke ucheze, maneno yanakurudisha kwenye kiti ufikirie. Aliimba umaskini na kifo katikati ya watu waliokuja kunywa bia.

Ngoma ninayoirudia mimi ni Mambo kwa Soksi. Ilikuja wakati ukimwi unamaliza watu. Ujumbe ni mmoja: wanaume, vaeni kondomu. Redio Tanzania ikakataa kuipiga. Watu wakaiskiza hata hivyo, kwenye kumbi na kwenye kaseti.

Swali langu ni hili: mbona kuikataa, na jamaa hata hakutumia neno chafu? Alisema soksi tu. Nadhani shida ilikuwa hapo hapo. Fumbo la taarabu humficha anayesemwa, ukiulizwa, unaruka. Fumbo la Remmy halifichi mtu. Kila mtu analielewa papo hapo, anacheka, na ukishacheka huwezi tena kujifanya hujui kinachosemwa.

Nilikuwa mdogo tulipomzika mjomba wangu. Wasifu wake uliosomwa ulisema aliugua kwa muda mfupi. Huo muda mfupi ulikuwa miaka mitatu. Watu wazima wote walijua, na hakuna aliyekuwa na neno la kutamka mbele ya wazee bila kuvunja heshima. Kondomu lilikuwa neno la kliniki. Ukimwi lilikuwa neno la kumhukumu mtu. Soksi? Hiyo hata nyanya angeisema.

Sisemi wimbo hauna kasoro. Unaongea na wanaume peke yao, kana kwamba mwanamke hana usemi kuhusu soksi yenyewe, na ilhali ndiye aliyebaki akiuguza na kuzika. Halafu kuna zile albamu alizorekodi Uingereza kwa Real World, Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992. Zilimpeleka mbali, na sauti ni safi kabisa. Lakini akiimba Kiingereza, kama kwenye No Money, No Life, naskia bango la maandamano. Ule utani wa mtaani, unaokuchoma ukigundua umechelewa, umebaki Dar.

Miaka yake ya mwisho, baada ya kuugua kiharusi, aliacha dansi akaimba Injili. Mashabiki wengine walihisi amewatoroka. Mimi simlaumu, mtu akipona ana haki ya kushukuru anavyotaka. Ila hizo nyimbo hunipita. Mle ndani majibu yako tayari, na Remmy niliyempenda ni yule aliyekuwa akilalamikia kifo usoni bila kungoja kijibu.

Alifariki Dar tarehe 13 Desemba 2010. Dawa za ukimwi sasa zipo, lakini kwenye mazishi yetu bado naskia ule muda mfupi. Kwa hivyo usiiweke Mambo kwa Soksi kwenye orodha yako ya zilizopendwa ukiwa na earphones peke yako. Iweke sebuleni, wazazi wakiwa wamekaa, uone nani atacheka kwanza.