Kutoka Ki- hadi Ni: Vazi, Mwili na Ushahidi wa Macho katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mkoani Shinyanga, kwa miongo kadhaa, rangi ya jicho imesomwa kama hukumu. Bibi kizee mwenye macho mekundu ametajwa kuwa mchawi, na kutajwa huko kumewagharimu wengi uhai wao. Mesaki (1994), aliyeyachunguza mauaji hayo katika Usukuma, hakuyaona kuwa zao la imani tupu iliyorithiwa. Aliyahusisha pia na misukosuko ya maisha ya vijijini, ukiwemo uhamishaji wa watu kwenda katika vijiji vya ujamaa. Maelezo ya macho yenyewe ni mepesi hata yanatia uchungu. Palipokosekana kuni, mavi makavu ya ng'ombe yaliwashwa jikoni, na moshi wake ukayachoma macho ya wanawake waliopika kwa miaka arobaini au hamsini. Ukame wa miti ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 ili kurejesha misitu na ngitili. Kwa istilahi za Peirce, wekundu ule ni kielekezi cha kweli kabisa: unaelekeza kwenye moshi. Aliyeuelekeza kwenye uchawi ni msomaji wake.

Mfano huo unawekwa mbele kwa sababu katika eneo lile lile, na katika machimbo ya dhahabu yaliyo magharibi yake, kuna usomaji wa pili wa mwili unaofuata mantiki hiyo hiyo. Kijana wa kiume aliyesuka nywele, aliyevaa hereni na suruali ya kubana, huitwa shoga. Msichana aliyenyoa, aliyevaa kofia na suruali pana, huitwa tomboi, na mara nyingi haipiti muda kabla hajaitwa msagaji. Hapa vazi linachukua nafasi ya jicho jekundu. Linadaiwa kufichua jambo ambalo kwa asili yake halionekani, yaani mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Uhakiki wa fikra hii umekuwa ukifanywa zaidi kwa zana za sosholojia na afya ya jamii. Lakini fikra yenyewe husafiri ndani ya lugha, na lugha inayoibeba, ikichunguzwa kwa makini, haikubaliani nayo.

Zingatia kiambishi ki- cha namna. Mtu mzima akidekadeka husemwa kuwa anasema kitoto. Kijana aliyeugua mgongo hutembea kizee. Msukuma wa Maswa aliyevaa suti na tai amevaa kizungu. Katika sentensi hizi tatu hakuna msikilizaji anayehitimisha kwamba yule wa kwanza ni mtoto, wa pili ni mzee, na wa tatu ni Mzungu. Kazi ya ki- hiyo ni kulinganisha: inasema kitendo kinafanana na kitendo cha kundi fulani, na kwa kusema hivyo inakiri kwamba mtendaji si wa kundi hilo. Ndiyo maana ni ajabu kidogo kusema kwamba mtoto mchanga analia kitoto. Ki- inahitaji umbali kati ya mtu na mfano wake. Sasa sentensi ‘anavaa kiume’ ikisemwa juu ya mwanamke, umbo lake ni lile lile na umbali wake ni ule ule. Hata hivyo, msikilizaji wa mtaani hatui hapo. Anaruka kutoka ki- hadi kwenye kitenzi kishirikishi ni: anavaa kiume, basi ni fulani. Mruko huo haumo katika sarufi. Umeletwa na msikilizaji, kama vile msomaji wa jicho la bibi alivyouleta uchawi.

Tena mruko wenyewe ni wa hatua mbili zinazofichwa kuwa moja. Hatua ya kwanza hutoka kwenye vazi hadi kwenye jinsia ya kijamii, na ya pili hutoka kwenye jinsia ya kijamii hadi kwenye matamanio. Kila hatua ingehitaji ushahidi wake. Anayesema ‘huyu anavaa kiume, kwa hiyo anapenda wanawake’ hajatoa wa kwanza wala wa pili.

Leksimu nayo inatoa ushuhuda usiotarajiwa. Katika maneno yanayotumiwa zaidi katika uwanja huu, yaani shoga, basha, hanithi, msenge, msagaji na jikedume, hakuna hata moja lililoundwa kutokana na vazi. Shoga ni wito wa mapenzi na usiri baina ya wanawake marafiki, na hadi leo wanawake wengi wa pwani huitana hivyo bila kutahayari, huku neno hilo hilo likitumika kumtaja mwanamume anayelala na wanaume. Hanithi hutaja pia uhaba wa nguvu za kiume, jambo la mwili lisilohusiana na nguo. Jikedume limeunganisha majina mawili ya jinsi za wanyama, nalo hutumika kumtaja mwanamke mwenye nguvu au ukakamavu, mara kwa kejeli, mara kwa sifa. Msagaji ndilo linalofundisha zaidi. Muundo wa m-...-aji hutaja mtu anayetenda jambo kwa mazoea: mwimbaji, msomaji, mchimbaji. Hakuna mwimbaji asiyeimba. Mofolojia inadai kitendo, tena kitendo cha kurudiwa, kabla ya jina kumkaa mtu. Anayemwita msichana msagaji kwa sababu ya kofia ametumia jina la mtenda pasipo tendo.

Hapa ukanda wa dhahabu una kinaya chake. Katika machimbo madogo ya Geita kuponda na kusaga mawe ni riziki, na wanawake wengi wameingia katika uchimbaji kwa njia hiyo, kwa kuwa itikadi za machimboni zimewazuia kushuka shimoni kwa madai kwamba mwanamke huifukuza dhahabu. Kule kusaga ni kusaga, vumbi na jasho.

Tafiti zinazotajwa mara kwa mara juu ya mavazi na mahusiano ya jinsi moja kwa wasemaji wa Kiswahili na majirani zao zimetoka pwani na ng'ambo ya bahari. Wikan (1977) aliandika juu ya khanith wa Sohar, Oman, ambao mavazi yao yalikuwa kati ya yale ya wanaume na ya wanawake, na jamii iliyatambua hivyo. Shepherd (1987), akiandika juu ya Mombasa, alimpinga kwa kusisitiza kwamba daraja na mali vina uzito kuliko jinsia katika kupanga mahusiano hayo. Amory (1998) akarejea kwenye majina yenyewe, mashoga na mabasha, na jinsi yanavyowapanga watu. Tafiti hizi hunukuliwa kana kwamba zinathibitisha kuwa vazi ni ushahidi. Hazithibitishi. Katika maelezo ya Wikan vazi la khanith lilikuwa mkataba: jamii nzima ilijua maana yake, na mhusika aliweza kuliacha kwa kuoa na kuhesabiwa tena mwanamume. Alama ya aina hiyo husomeka kwa sababu wote wamekubaliana, sawa na sare ya askari. Mkataba huo hauwezi kupakiwa kwenye gari moshi na kushushwa Shinyanga.

Na hata kama ungeshushwa, ungemkuta nani? Miji kama Katoro, Nyarugusu na Kakola imekuzwa na wageni. Wapo Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya, Wakurya, na Wamasai wanaolinda usiku. Mmasai aliyejifunga shuka, mwenye shanga shingoni na hereni masikioni, hukaa nje ya duka bila yeyote kumtilia shaka uanaume wake. Kijana wa Mwanza mwenye hereni moja tu hupigiwa miluzi. Mkurya anatoka katika jamii yenye nyumba ntobhu, ambamo mwanamke huweza kumwoa mwanamke ili apate watoto na mrithi, bila ndoa hiyo kuwa ya kimwili. Kambini wanaume hupika na kufua, na hakuna anayeona wamepungukiwa. Kiashiria kimoja kina viashiriwa vingi kadiri ya wasomaji waliopo, jambo ambalo mwanafunzi wa Saussure hulisoma katika muhula wa kwanza na kulisahau anapopita stendi.

Kisa kinachojulikana zaidi cha vazi machimboni hakikutokea Geita. Kilitokea Mererani, kwenye tanzanaiti. Pili Hussein, kama alivyosimulia mwenyewe kwa waandishi wa habari mwaka 2017, alivaa kiume na kujiita Mjomba Hussein kwa karibu miaka kumi ili aruhusiwe kuchimba. Wenzake walishuka naye shimoni wakimhesabu mwanamume. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ujasiri, na ni kweli ni ya ujasiri. Kwa mhakiki, hata hivyo, thamani yake ni kwamba kinaliangusha dai zima katika hatua zake zote mbili. Vazi lilishindwa kuwaambia wachimbaji hata jinsi ya mtu waliyefanya naye kazi bega kwa bega. Nalo halikusema lolote kuhusu matamanio yake. Suruali ile ilizungumza juu ya riziki, na juu ya lango lililofungwa kwa wanawake.

Usomaji potofu wa aina hii umewapata pia wanawake wa machimboni wanaovaa kike. Bryceson, Jønsson na Verbrugge (2013) walionyesha kwamba mahusiano ya wanawake na wachimbaji katika makazi ya dhahabu ya Tanzania hayawezi kubanwa katika neno ukahaba. Kuna ushirika, kukaa kinyumba, na mipango ya maisha ambayo mpita njia haioni. Mpita njia anaona sketi fupi ya mhudumu wa baa, na kwake inatosha.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba vazi, tofauti na jicho, huchaguliwa. Mtu akichagua, amesema. Na wapo wanaochagua mavazi makusudi ili watambuane. Pingamizi hili lina ukweli, na kulikataa lote kungekuwa udanganyifu. Lakini utamaduni wa Waswahili una mfano wake wa vazi linalosema, nao ni kanga. Beck (2000) ameonyesha kwamba nguvu ya jina la kanga imo katika utata wake: mvaaji anaweza kumlenga jirani, na akiulizwa akajibu kwamba alipenda rangi tu. Kanga husema na aliyekusudiwa, wengine wanabaki kukisia. Vazi linalotumika kutambuana hufanya kazi kwa namna hiyo. Anayelisoma kutoka nje hana ufunguo, na hawezi kujua ni suruali ipi iliyosema na ni ipi iliyonunuliwa mnadani kwa sababu ilikuwa rahisi.

Ukisiaji huo umewahi kupewa nguvu za kisiasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kung'arisha ngozi na suruali za kubana, ambazo zilisomwa kama dalili za maadili yaliyooza na fikra za kikoloni. Miaka hamsini baadaye, Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza msako wa wanaoshiriki mapenzi ya jinsi moja na kuwataka wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ikaeleza kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi, si msimamo wa Serikali. Jambo la kuuliza ni jirani angeyapata wapi majina hayo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, pamoja na ukali wake, kinataja tendo. Jirani hana tendo. Ana mwendo, sauti, suruali na hereni.

Geita yenyewe ilipata kesi yake mwishoni mwa 2017, polisi walipomkamata mwanamke baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akimbusu mwanamke mwenzake na kumpa pete. Mwaka huo huo, Februari, Serikali ilikuwa imezuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo hatarini zaidi. Katika mji wa machimbo, ambako watu huhama kila dhahabu inapovuma kwingine, anayeogopa kusomwa mlangoni mwa zahanati huahirisha kipimo, na anayemwogopesha huenda ni jirani aliyeketi kwenye benchi lile lile akimtazama viatu.

Kwa mwanakamusi kazi iliyopo ni ndogo na inawezekana. Fafanuzi inayomweleza mtu kwa fungu kama ‘mwenye tabia za kike’ huweka ki- mahali pa tendo, kisha hulipa jina la kundi, na hivyo kuufanya mruko uonekane kuwa maana ya msingi ya neno. Fafanuzi ingetenga mambo matatu: anachovaa, anavyojitambulisha, na anayempenda, na mifano ya matumizi ingechukuliwa pia Katoro na Kahama, kwa wasemaji ambao Kiswahili chao kimekua kwenye vifusi na makarasha. Neno zeruzeru limekwisha kuachiana nafasi na mtu mwenye ualbino katika maandishi rasmi, baada ya mauaji yaliyofikishwa mahakamani Kahama, ambako Septemba 2009 watu watatu walihukumiwa kunyongwa. Badiliko hilo la istilahi lilikuja wakati makaburi yalikuwa yamekwisha kuchimbwa.