Wakongwe Wawili wa Vita katika Shamba Moja

Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Weep Not, Child (1964), Ngotho aghalabu huhukumiwa kuwa mzee dhaifu. Hukumu hiyo ni ya Boro, mwanawe aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Si lazima iwe ya mhakiki. Mwandishi amewaweka katika shamba moja wakongwe wawili wa Vita vya Kwanza: Howlands, aliyekuja Kenya kuyasahau machungu ya vita, na Ngotho, aliyelazimishwa kufyeka misitu na kutengeneza barabara. Vita vilikuwa vilevile. Mmoja alipata shamba, mwingine kibarua katika ardhi ya wazee wake. Kila mmoja, tena, alipotelewa na mwana katika vita vya pili. Kila siku wanaikagua michai pamoja: Howlands akiwaza mrithi, Ngotho akingojea utabiri utimie. Kwa hiyo kimya cha Ngotho si woga mtupu, bali ni ulinzi wa amana. Msiba wake ni kwamba anapoinuka hatimaye, siku ya mgomo, anapoteza kazi na makao, na hiyo ardhi aliyoilinda haikanyagi tena.