Mzimu Upi, au Mzimu Yupi? Juu ya Hukumu Aliyopewa Bwana Msa

Kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957-58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, nacho kikachapishwa mwaka 1960. Tangu hapo kimepewa hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, si mwingine ila Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Ya pili, iliyovuma zaidi katika miaka ya 1970, ni kwamba mwandishi alishughulika na mauaji ya mtu mmoja akaacha dhuluma za matabaka na za ukoloni, mambo ambayo Adam Shafi aliyakabili katika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978.

Hukumu zote mbili zina ukweli ndani yake, na anayekipenda kitabu hana haja ya kuzikana. Kiko ni kiko, na maskini wa shamba hawapewi nafasi kubwa. Walakini wahakiki hao wamelivuka neno la kwanza la jina la kitabu bila kulitazama, na kwa maoni yangu humo ndimo ilimo kazi yenyewe ya mwandishi.

Mzimu una maana mbili. Kwanza ni mahali: penye mti mkubwa, au pango, au kaburi la zamani, ambapo watu huenda kutambika. Pili ni roho ya marehemu, inayosadikiwa kuwa na uwezo wa kudhuru. Tukisema mahali, twasema mzimu ule, mzimu umeachwa. Tukisema kiumbe, aghalabu twasema mzimu yule, mzimu amekasirika. Ni kweli wapo watumiao upatanisho wa kwanza kwa maana zote mbili, lakini mzungumzaji asemapo yule hatuachii shaka. Sasa msomaji na atazame jina la kitabu. Kiunganishi "wa" ni kimoja katika ngeli zote mbili. Jina halisemi kama tunaongozwa mahali au tunatishwa na kiumbe, na Kiswahili kingekuwa na kiunganishi kingine fumbo hilo lingevunjika mlangoni.

Jambo hili sikuliona katika vitabu vya wahakiki. Nililiona Visiga, katika Kibaha, jioni moja nilipowaeleza jirani zangu kwa ufupi habari ya maiti ya Bwana Ali. Kijana mmoja, mtazamaji mkubwa wa filamu, aliuliza mara moja, "Mwalimu, ni mzimu yupi huyo aliyemwua?" Bibi mmoja wa Kizaramo akamgeukia akasema, "Mjukuu wangu, mzimu ni pale mahali. Hauna mikono." Kisha akaniuliza mimi, "Nani alikuwa na ugomvi naye?"

Bibi yule hakuwa amemsoma Conan Doyle, lakini swali lake ndilo swali la Bwana Msa. Kwa hiyo si sawa kudhani kwamba akili ya kupeleleza imeletwa kwa meli na imani za mizimu ndizo za kwetu. Heshima ya mahali pa matambiko na haja ya kumtafuta mwuaji hukaa pamoja katika kichwa kimoja bila kugombana. Wala si mchezo wa maneno tu. Kifo kikishasemwa kuwa kimeletwa na kiumbe asiyeonekana, hutafutwa mtu aliyemtuma, na mara nyingi anayeonyeshwa kidole ni mnyonge asiye na hatia.

Nasema haya kwa sababu hadithi hii, ambayo ilipotoka ilikuwa ya wakati wake, kwetu imekuwa ya kihistoria, na inafaa sana kufanywa mfululizo mfupi wa televisheni. Waingereza wamefanya hivyo kwa Holmes. Mfululizo wa Granada wa miaka 1984 hadi 1994, ulioigizwa na Jeremy Brett, ulisifiwa kwa kushikamana na hadithi zilivyoandikwa. Wenye kamera wetu wakija kwa Bwana Msa, watatamani kutuonyesha moshi na kivuli chenye macho mekundu. Wakifanya hivyo watakuwa wamejibu "mzimu yupi" kabla mpelelezi hajawasha kiko, na hadithi itakuwa imekwisha. Naonelea waonyeshe mahali tu, mti na udongo, wakauachia ulimi wa wahusika ubishane juu ya "ule" na "yule".

Mwandishi ana kasoro zake. Hotuba za Bwana Msa ni ndefu mno mahali pengine, na mwigizaji hodari hatazipunguzia uzito. Lakini aliijua lugha yake hata akaificha siri ndani ya kiunganishi kimoja. Mhakiki atakayekipima kitabu hiki tena ningemwomba aanzie hapo, na akiona nimekosea, anisahihishe katika kurasa hizi hizi.