Ziwa Kwanza, Mlima Baadaye

Mtu akifika Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, na kusema anataka kuona kisiwa, milima na mji katika juma moja, wenyeji humuuliza kwanza: lini? Fizi haina majira ya majani kupukutika. Ina majuma machache tu, mwezi wa 9 ukielekea wa 10, ambapo upepo wa kusini umeanza kuchoka na mvua kubwa haijashika njia. Kabla ya hapo barabara ni kavu lakini ziwa linachafuka. Baada ya hapo dhoruba huliamkia ziwa na matope huimeza barabara. Anayejua kuipenyeza safari katika nafasi hiyo ni fundi, nami namhesabu pamoja na wachonga mitumbwi na washona nyavu, ingawa kazi yake haiachi kitu cha kushikwa mkononi.

Kisiwa chenyewe si kisiwa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi kwenda Uvira, wakitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Njiani walipita Ubwari, na Burton akaiandika kama kisiwa. Ubwari ni rasi, mkono mrefu wa milima uliounganika na nchi kavu upande wa kusini na kunyooka kuelekea kaskazini. Maji yaliyo kati yake na Baraka bado yana jina la Burton katika ramani nyingi. Hata hivyo simlaumu. Anayeitazama Ubwari kutoka mtumbwini anaona maji huku na maji kule, na mtu wa Baraka mwenyewe, akiwa na shughuli ya huko, huenda ufukweni kutafuta boti.

Ghuba hii ndiyo inayomtambulisha fundi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, limelala kusini hadi kaskazini katikati ya kuta mbili za milima, na kina chake kinafika mita 1,470. Upepo wa kusini wa kiangazi unapata njia ndefu ya kusukuma maji bila kuzuiwa, kwa hiyo upande wa nje wa Ubwari hupigwa na mawimbi mazito. Ndani ya ghuba, mgongo wa rasi unakinga. Mgeni anayetazama maji yaliyotulia mbele ya soko la Baraka hudhani ziwa lote liko hivyo, na bila mtu wa kumwambia angelijua ziwa lenyewe pale boti inapoikata ncha ya rasi. Mvua zinapoanza mambo hugeuka, maana mdomo wa ghuba unatazama kaskazini, na dhoruba ya kutoka huko huingia moja kwa moja. Mwezi wa 9 unasimama kati ya pepo hizo mbili. Ndiyo maana fundi hakubali tarehe yoyote tu, na ndiyo maana huwaamsha watu alfajiri, kabla jua halijapasha milima na kuuita upepo wa mchana.

Halafu kuna mbalamwezi. Wavuvi wa ndakala hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, basi watu hubaki ufukweni wakishona nyavu na kulala usingizi wanaoudai. Kwa mpanga safari hilo lina uzito. Usiku wa giza mgeni ataona ziwa limejaa taa hadi upeo wa macho, na asubuhi atakuta ndakala mbichi na mikebuka ikishushwa, lakini boti na vijana wenye kuijua njia wako kazini. Usiku wa mwezi boti zipo, sahani haina kitu. Fundi ninayemwamini huchagua siku za mwezi unaopungua, wakati giza la mwanzo wa usiku linapoanza kurefuka na wavuvi hawajarudi wote kazini. Ukimpigia simu kutoka mbali, ukasema, “Baba mdogo, nimeshanunua tiketi ya ndege,” atakujibu kwa upole, “Mwanangu, ungeniuliza kwanza.”

Mpangilio wake una kanuni ambayo sijaona ikivunjwa bila majuto: ziwa kwanza, mlima baadaye, mji mwisho. Ziwa likikataa, linakataa kwa siku nzima au mbili, na hakuna fedha ya kulishawishi. Ukiliweka mwisho, litakuzuilia Ubwari wakati ndege yako inaondoka. Ukiliweka mwanzo, siku zilizopotea zinakatwa kutoka mjini, na mji hauna kinyongo, kwani soko la Uvira liko pale pale ukilipa siku tatu au saa tatu.

Mlima unadai ujuzi wa namna nyingine. Kutoka Baraka barabara inapanda kwenda Fizi, mji mdogo wenye jina moja na eneo zima, na moto, yaani pikipiki, ndiyo inayobeba watu wengi. Udongo ukilowa, dereva wa moto hukataa abiria wa pili, na yuko sahihi. Mbali zaidi, kaskazini na magharibi, inaanza safu ya Itombwe, ambayo kilele chake cha Mohi kinapita mita 3,400 na ambayo misitu yake ilitangazwa hifadhi mwaka 2006. Ningependa kila mtoto wa Fizi aione mara moja maishani. Lakini nyanda za juu zimeungua tangu 2017. Vijiji vimechomwa, ng'ombe wameporwa, watu wa makabila yote wamekimbia. Hapo ufundi unakuwa wa kusikiliza. Fundi humuuliza dereva wa moto aliyeshuka jana. Humuuliza mama aliyeleta maharage sokoni. Humuuliza mchungaji mwenye waumini huko juu. Watatu hao hawajakutana. Wakisema jambo moja, safari inapangwa hadi pale wanapopajua kwa macho yao na si hatua zaidi. Wakipingana, mgeni atatazama milima kutoka Fizi na kurudi. Kuwa na ujasiri wa kumwambia mtu aliyetoka nchi ya mbali kwamba haendi, na kusimama hapo akikasirika, ni sehemu ya kazi hii ninayoiheshimu kuliko zote.

Wageni wengi ambao safari zao za Fizi zimeandikwa vitabuni walikuja kupima au kupigana. Baada ya Burton alikuja Che Guevara, aliyevuka usiku kutoka Kigoma, Tanzania, mwezi wa 4 mwaka 1965 na kuondoka kwa njia ile ile mwezi wa 11, baada ya kungoja sana milimani. Nasi wenyewe tumevuka. Mwaka 1996, na tena tangu 1998, familia za hapa zilikimbia vita, zikajazana katika boti kuelekea Kigoma, na wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Watoto waliozaliwa huko leo wako Marekani, Kanada, Australia. Wale mama waliojua boti ipi haina tundu, nahodha yupi hatazimisha injini katikati ya maji ili adai nyongeza, ufuko upi hauna askari, walikuwa wapanga safari hodari kuliko sote, ila hakuna aliyewahi kuwaita hivyo.

Ndiyo maana nasisimka ninapomsikia binti wa Nyarugusu, sasa mama wa watoto wawili, akipiga simu kuuliza majira mazuri ya kwenda Ubwari kupumzika. Kupumzika! Maarifa ni yale yale, ya upepo, ya giza la mwezi, ya watu wa kuaminika, lakini sasa yanamtumikia mtu anayekuja kwa hiari yake na atakayerudi kwake. Kwa taifa la watu waliojifunza kusafiri kwa kukimbia, sioni jambo dogo hapo.

Siku za mji hupangwa haraka. Kutoka Baraka hadi Uvira ni kilomita kama 90, kupitia Lusenda, Mboko, Swima na Makobola. Makobola gari lisimame. Mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999 watu wengi waliuawa hapo, na fundi mzuri huiweka nusu saa hiyo katika hesabu tangu mwanzo, asiiache iwe ya kuombwa. Dola ziwe mpya, maana noti yenye mpasuko hata wa kucha haipokelewi. Anayetaka kuendelea Kigoma badala ya Uvira akumbuke kwamba saa ya Tanzania iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ofisi ya uhamiaji ya ng'ambo hufunga mapema kuliko anavyofikiri.

Kuna neno moja la kudai kwa niaba ya mafundi hawa. Mgeni humlipa mwenye boti, dereva wa moto, mwenye nyumba ya wageni, hata mtoto aliyebeba begi. Aliyekaa na simu majuma mawili, akiuliza habari za upepo na za milima, akimtafutia nahodha na mwenyeji wa kumpokea Mboko, hupewa soda na shukrani. Familia zinasema ni ndugu, atalipwaje? Mimi nasema alipwe, na kiasi kitajwe waziwazi siku ile ile tarehe inapokubaliwa, kabla mafuta ya boti hayajanunuliwa.