Gumba la John Hurt na blues ya sebuleni

Mpiga blues anayeketi na gitaa kavu sebuleni kwa mtu, bila kipaza sauti, ana kazi ngumu. Hana besi wala ngoma, na wasikilizaji wako karibu mno, hata kucha zikigusa nyuzi wanazisikia. Wengi hukimbilia kuchapa gitaa kwa nguvu. Mississippi John Hurt yeye aliikabidhi kazi hiyo kwa kidole gumba.

Hurt alikuwa mkulima wa Avalon, Mississippi, aliyepiga gitaa kwenye sherehe na dansi za majirani, pengine pamoja na mpiga fidla Willie Narmour. Kampuni ya OKeh ilimrekodi mwaka 1928, Memphis kisha New York, naye akarudi shambani. Mwaka 1963 mpenzi wa blues Tom Hoskins alimfuata hadi kwao akiongozwa na wimbo wa Hurt mwenyewe, “Avalon Blues”, na mwaka huohuo Hurt akapanda jukwaa la tamasha la Newport. Ufundi wake basi ulikuwa umekomaa nyumbani, mbele ya watu waliotaka kucheza.

Tazama mkono wa kulia. Kidole cha pete na cha mwisho vimetua kwenye ubao wa gitaa; havipigi kitu, vinauzuia mkono usiyumbe. Vinavyofanya kazi ni gumba, shahada na kidole cha kati. Kwenye kordi ya C, gumba laweza kuanza na uzi wa tano, likaenda wa nne, likarukia wa sita, likarudi wa nne, mapigo manne yasiyokatika hata mwimbaji anapovuta pumzi. Akifika kwenye F, gumba la kushoto nalo hupanda juu ya shingo ya gitaa na kuubana uzi wa sita, ili besi isikose noti yake. Wanamuziki wetu wa dansi wangesema huyu anapiga solo, rithimu na besi peke yake.

Utamu wenyewe uko kwenye kuachana. Shahada na kidole cha kati hucheza wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na noti zao nyingi huangukia kati ya pigo na pigo, au huwahi kidogo kabla ya gumba. Zikikutana na gumba, sauti hunenepa; zikiachana nalo, miguu ya watu huanza kutikisika. Anayejifunza huharibu hapo: gumba lake huanza kuufuata wimbo, na dansi inakufa papo hapo.

Kuna jambo la chumba pia. Mapazia, mazulia na miili ya watu humeza sauti nyembamba upesi kuliko nzito, kwa hiyo besi inayopigwa kwa hasira huuzamisha wimbo. Besi ya Hurt ni nyepesi, na sauti yake ya kuimba iko karibu na ya mazungumzo.

Mlinganishe na Reverend Gary Davis, mhubiri kipofu aliyeimba kwenye mitaa ya Harlem. Alitumia gumba na shahada tu, akavivisha kucha za bandia, akalipiga gitaa kubwa la Gibson kwa mkono uliozoea kushindana na magari. Kwa wingi wa kordi na wepesi wa vidole, Davis namwona juu ya Hurt. Lakini sebule yangu ningempa Hurt.

Msomaji atakuwa amekwisha kumkumbuka mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Naye alijaza nafasi kwa gumba na shahada, akiimba Kiswahili, ila besi yake haiendi kwa kupokezana kama ya Hurt. Inajibizana na nyuzi nyembamba na kuzikatiza. Anayetaka kuisikia tofauti hiyo achukue “Masanga”, lile toleo lisilo na maneno, kisha rekodi yoyote ya Hurt ya 1928. Wimbo auache upite, afuate nyuzi nzito tu.