Heko kwa Sinema za Kutisha

Heko kwa vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, Kenya, vilivyotufundisha raha ya kuogopa. Mabati, mabenchi, televisheni moja, na pazia zito lililoleta usiku saa nane mchana. Humo tuliitazama Living in Bondage ya Nigeria, ya mwaka 1992: Andy anamtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha mzimu wa mke unamwandama hadi anarukwa na akili. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Huku ziwani tumelelewa na hadithi ya Simbi Nyaima, kijiji cha karibu na Kendu Bay kilichogharikishwa kwa kumfukuza bibi kizee, na nani hamjui jajuok, yule anayekimbia uchi usiku na kutikisa milango ya watu?

Ninayoienzi kuliko zote, hata hivyo, ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Ilitengenezwa kwa pesa kidogo mno. Shujaa wake, Ben, aliigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi, jambo adimu siku hizo. Msambazaji aliacha kuweka tangazo la hakimiliki, filamu ikawa mali ya umma, kwa hiyo kibanda chochote kinaweza kuionyesha bila kumdhulumu mtu. Wafu wake wanaofufuka hutembea polepole, na hapo ndipo penye kutisha, kwa kuwa hawachoki.

Ben ananusurika usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na waliokuja kuokoa watu. Kondele ilizika vijana waliouawa kwa risasi za polisi baada ya uchaguzi wa 2007 na wa 2017. Huku, mwisho huo wa Ben hauonekani kama ubunifu mtupu.